Mistari Minane

Fomu ya usajili ina mistari minane ya mabeki.
Mimi nina watu tisa.
Dirisha linafungwa saa sita usiku,
na Njombe mwezi wa saba haimwonei mtu haya:
asubuhi tulikimbia juu ya sakitu,
nyasi zikivunjika chini ya njumu kama chapati za jana.

Katibu ameniachia kalamu moja ya bluu
na salamu za tajiri: "Anataka damu changa."
Tajiri anauza nguzo za umeme.
Anajua mti unafaa kukatwa ukiwa na miaka mingapi.

Naanza na walio rahisi.

Gwamaka, namba tano. Mlango wa mninga.
Akipiga kichwa, Makambako wanageuka kutazama.

Lutengano, pembeni yake, mrefu, mpole,
anakuomba radhi kwanza, ndipo anakukwatua.
Refa anabaki na kadi mfukoni;
nani amwadhibu mtu aliyekwisha kusema samahani?

Mligo kulia. Kupanda anajua, kushuka husahau.
Sauti yangu imekauka kwa "Rudi, Mligo, rudi!"
hata mama yake, akiniuzia viazi sokoni,
huniuliza: "Mwalimu, alirudi?"

Sanga wawili, wasio na undugu,
mmoja wa Makete, mmoja wa Uyole.
Wa kwanza nampa mstari kwa kimo,
wa pili kwa kelele.
Beki asiyepiga kelele ni nguzo,
na nguzo tunajua mbwa huifanyia nini.

Chaula aliletwa na mjumbe wa kamati.
Nilitaka nimkatae kwa hilo tu.
Kisha nikamwona akilala mbele ya shuti la mita tano,
akainuka na damu puani, anacheka,
anauliza kama imekuwa kona.
Mwandike.

Kiswaga, mguu wa kushoto.
Wa kushoto hawaokotwi njiani.

Umebaki mstari mmoja.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Kazi yangu mimi ni ukuta,
na kila mwaka naanza na ufa.

Anyosisye, nahodha. Thelathini na nne.
Goti lake hutabiri mvua kuliko redio.
Msimu uliopita, kule Songea, dakika ya tisini,
kipa ameshalala, goli li wazi kama zizi,
alisimama pale mstarini, mikono nyuma,
akapokea mpira kwa kifua.
Tulirudi na pointi moja.
Ndani ya basi alifungua shati akatuonyesha:
alama za mshono wa mpira, nyekundu, duara kamili.

Na huyu kijana, Ezekia, ishirini na moja.
Hajakosea bado.
Hajapata nafasi ya kukosea.

Saa nne. Saa nne na nusu. Mkaa unageuka majivu.
Kalamu imegoma kwa baridi, naiweka kwapani
kama kipimajoto,
na hapo ndipo nakumbuka Alhamisi:
wote wameshaoga, wameondoka,
na wale wawili bado wako ndani ya boksi.
Anyosisye kamshika kijana jezi mgongoni,
anamvuta hatua mbili kushoto,
anamrudisha moja,
anamwonyesha kwa kidole mahali pa kusimama
mpira ukitoka kulia, ukitoka juu,
ukitoka kwa mtu mwenye hila.
Nikadhani anamfundisha.

Alikuwa anamkabidhi.

Nikaandika.
Kisha nikapiga simu, maana habari hii
haifai asikie kwa katibu.
Alipokea kabla haijaita mara mbili.
Nilisema jina lake tu, nikakwama.
Nikasikia kwake mtoto anakohoa, mlango unafungwa.

"Jina lake umeliandika sawasawa?" akauliza.
"Ni Mlelwa. Wengi huandika Mlewa.
Mwaka jana walimkosea kwenye leseni
akakaa nje mechi tatu."

Nikasogeza fomu kwenye taa.
Nilikuwa nimekosea.
Nikaichomeka ile L, nyembamba, katikati ya wenzake,
nikapuliza wino.